Ushirika wa nyumba za wanafunzi: Fedha za kuanzisha zitatoka wapi?

MWANAFUNZI wa chuo kikuu anayetafuta chumba Muthangari, mtaa ulio kati ya Lavington na barabara ya Waiyaki jijini Nairobi, hapati cha kumfaa kwa urahisi. Nyumba za zamani za mawe zenye bustani pana zinabomolewa, na mahali pake yanainuka maghorofa ambayo kodi yake haikukusudiwa mtu anayeishi kwa mkopo wa masomo. Wengi hupanga Kangemi au Kawangware, kisha hudandia matatu kila asubuhi kwenda Chiromo, Kabete au katikati ya jiji.

Katika baadhi ya nchi, wanafunzi wamelitatua tatizo kama hili kwa kuunda vyama vya ushirika vinavyokodi au kununua nyumba, huku wapangaji wenyewe wakiviongoza kwa kura. Kenya ina historia ndefu ya ushirika, kuanzia kahawa na maziwa hadi vyama vya akiba na mikopo. Hata hivyo, mfumo wa fedha wa vyama hivyo uliundwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara au mazao ya kuuza, na mwanafunzi hana hata kimoja.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyejiunga na chuo kikuu cha umma alipewa kitanda pamoja na pesa za matumizi zilizojulikana kama 'boom'. Mambo yalibadilika 1991 serikali ilipoanza kuwatoza wanafunzi karo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa 1995, na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kuwapokea wanafunzi wanaojilipia. Idadi yao ilipanda upesi kuliko idadi ya vitanda, na waliokosa bweni waliachwa mikononi mwa wenye nyumba.

Kisheria, hakuna kinachowazuia wanafunzi kuunda ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, iliyofanyiwa marekebisho 2004, iliruhusu watu 10 waliotimiza umri wa miaka 18 kuanzisha chama, mradi wawe na kazi, shughuli au makao yanayowaunganisha. Kila mwanachama alipewa kura moja bila kujali wingi wa hisa zake, na hakuna mtu binafsi aliyeruhusiwa kumiliki zaidi ya moja kwa tano ya hisa zote.

La maana zaidi ni kwamba chama kikisajiliwa huwa na nafsi yake mbele ya sheria. Hatimiliki au mkataba wa kukodi huandikwa kwa jina la chama, si la katibu wala mwenyekiti. Wanachama wanaweza kufuzu na kuondoka wote, na nyumba ikabaki mali ya chama.

Mambo huwa magumu wakati wa kuomba mkopo. Katika chama cha kawaida cha akiba, mwanachama huweka akiba kwa miezi kadhaa, hukopa hadi mara tatu ya alichoweka, huleta wadhamini, na mwajiri hukata marejesho moja kwa moja kutoka kwenye mshahara. Makato hayo ndiyo usalama halisi wa mkopo. Mwanafunzi hukaa chuoni takriban miaka minne, mwajiri hana, na mdhamini wake ni mwanafunzi mwenziwe aliye katika hali ile ile.

Muungano wa Kitaifa wa Vyama vya Ushirika wa Nyumba, NACHU, ulioanzishwa 1979, huenda ukaonekana kuwa mlango wa kwanza wa kubisha. Muungano huo umevisaidia vyama vya watu wa mapato ya chini kupata ardhi, ushauri wa kiufundi na mikopo ya ujenzi. Lakini wanachama wa vyama hivyo ni watu wanaotarajia kuishi katika nyumba zao kwa miaka mingi, wakilipa polepole. Nayo Kampuni ya Kenya ya kufadhili upya mikopo ya nyumba, KMRC, iliyoundwa 2018, huzipatia benki na vyama vya akiba fedha za muda mrefu ili wakopeshe wanunuzi wa makao. Mwanafunzi hayumo katika hesabu hiyo pia.

Ugumu wenyewe huonekana vizuri kwa mfano. Chukulia chama chenye vitanda 24, kila mmoja akilipa Sh8,000 kwa mwezi, kwa miezi tisa ambayo chuo kiko wazi. Mapato ya mwaka yatakuwa Sh1,728,000. Chama hicho kikikopa Sh10 milioni kwa riba ya asilimia 14, riba pekee itameza Sh1.4 milioni katika mwaka wa kwanza. Sh328,000 zinazobaki ndizo za maji, umeme, mlinzi, ukarabati na ada za kaunti, na hapo deni lenyewe halijapunguzwa hata senti. Isitoshe, mtaani kama Muthangari, ambako bei ya ekari moja hutajwa kwa mamia ya mamilioni, Sh10 milioni hazinunui hata kona ya ua.

Kukodi kwa bei ya soko nako si nafuu sana. Nyumba kubwa ikikodiwa kwa Sh250,000 kwa mwezi, kodi ya mwaka ni Sh3 milioni, na kila mmoja wa wale 24 atalazimika kutoa karibu Sh13,900 kwa mwezi kabla ya kuoga wala kupika. Ushirika huondoa faida ya dalali na ya msimamizi, lakini hauwezi kuondoa bei ya ardhi. Ndiyo maana vyama vilivyofanikiwa ng'ambo vilianza na mwenye nyumba aliyekubali kungoja, au mfadhili aliyenunua kwanza.

Huko Berkeley, Marekani, wanafunzi 14 walianza na nyumba moja mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, wakisaidiana kazi za nyumbani ili gharama ishuke. Chama chao kimekua kikawa na wanachama zaidi ya 1,200. Mjini Edinburgh, Uingereza, ushirika ulioanza 2014 uliwaweka wanafunzi 106 katika majengo uliyokodi kutoka kwa shirika la nyumba, bila kununua hata tofali moja. Muungano wa vyama vya wanafunzi wa Amerika Kaskazini, NASCO, ulioundwa 1968, una tawi linalomiliki nyumba na kuvikodishia vyama vidogo. Mkopeshaji hushughulika na muungano wa kudumu, si na kundi litakalotawanyika baada ya mahafali.

Nairobi haikosi wenye ardhi wa aina hiyo. Viunga vya Lavington vina shule na taasisi za kidini zenye viwanja vikubwa tangu enzi za ukoloni. Misheni ya St Austin's ilianzishwa 1899. Taasisi ya namna hiyo, au chuo chenyewe, ikikodisha jengo kwa miaka 10 au 15 kwa kodi nafuu, chama kitahitaji mtaji wa arubuni, vitanda na magodoro tu, ambao hisa za wanachama zinaweza kuukaribia. Mkataba ni sharti usajiliwe katika ofisi ya ardhi, ili jengo likiuzwa wanafunzi wasijikute nje. Aidha, nyumba ya familia haigeuzwi hosteli kabla ya kaunti kutoa kibali cha kubadilisha matumizi.

Kwamba kitanda cha mwanafunzi kinaweza kuvutia fedha kubwa, hilo limethibitishwa. Kampuni ya Acorn, inayojenga hosteli za Qwetu na Qejani, ilikusanya Sh4.3 bilioni mwaka 2019 kwa hatifungani yenye riba ya asilimia 12.25, iliyoorodheshwa pia katika soko la hisa la London mwaka uliofuata. Nusu ya deni ilikuwa na mdhamini wa kimataifa, GuarantCo. Katika biashara hiyo faida ni ya wawekezaji, na mpangaji hana kura kuhusu kodi yake. Hata hivyo, udhamini wa nusu ya deni ndio chombo ambacho chama cha wanafunzi kingekihitaji zaidi, kwa kuwa hakina mshahara wa kukatwa.

Mkopeshaji mwangalifu atauliza pia nani atashika vitabu vya hesabu mwaka wa nne. Hata Berkeley wamewahi kuumia: mwaka 1989 wanachama walipiga kura kulifunga jengo lao la Barrington baada ya miaka ya hasara, dawa za kulevya na malalamiko ya majirani. Dawa ya kawaida ni kuajiri meneja wa kudumu na kutenga akiba ya ukarabati kila muhula.

Jingine ni hisa za wanaoondoka. Chama kikiahidi kurudishia kila mhitimu mtaji wake siku ya kuhama, hazina itakauka kila Desemba. Katika vyama vya akiba nchini, amana hurudishwa lakini mtaji wa hisa huuzwa kwa mwanachama mwingine. Utaratibu huo ukifuatwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atanunua hisa ya anayehitimu, na benki itaukuta mtaji ule ule ukiwa palepale mwaka unaofuata.