Maktaba ya Shirika

Msafara wa karne ya 19 uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji haukubeba masurufu ya njia nzima, kwani bega la mpagazi lilikuwa la kuchukulia nguo, shanga na nyaya za shaba, wala si mtama wa miezi; bali ulinunua chakula njiani, na ulipowasili Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ulitua, ukapata nafaka na wapagazi wengine, ndipo ukaendelea. Programu za Linux nazo husafiri kwa ada hiyo: kazi zihitajiwazo na wengi, kama kufumba siri za mawasiliano, aghalabu hazibebwi na kila programu peke yake, bali huwekwa katika faili moja lenye .so katika jina lake, na kila mwenye haja huchota humo.

Faili hilo ndilo niliitalo maktaba ya shirika. Wako wasioridhia, wakidai kuwa maktaba ni nyumba ya vitabu, ilhali humu hamna asomaye ila mashine. Lakini Waarabu, ambao neno tulilipokea kwao, nao hulitumia kwa maana hii hii, na shirika, la asili hiyo hiyo, laeleza barabara mali ya wengi. Faida yake si haba: diski na kumbukumbu hupata nafasi, na kasoro ikirekebishwa pale pamoja, programu zote zimepona.

Dhara ni kwamba maktaba ikikosekana, programu haiondoki. Ubuntu 22.04, mathalani, ilikuja na libssl.so.3, na programu kadha zilizoundwa kabla yake zikagoma, zikidai libssl.so.1.1. Amri ya ldd huonyesha ipi haikupatikana, ila isielekezwe kwa programu usiyoiamini. Ikiwa haimo, isakinishwe kwa apt; ikiwa imo katika saraka isiyojulikana na mfumo, saraka hiyo iandikwe katika faili ndani ya /etc/ld.so.conf.d, kisha ldconfig iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi.

Wako waibatizao libssl.so.3 jina la 1.1 kwa kiungo. Hila hiyo ni mbaya, maana namba ile ni mkataba baina ya programu na maktaba. Na maadamu OpenSSL 1.1.1, itoayo libssl.so.1.1, ilikoma kuhudumiwa kwa umma Septemba 2023, mwenye nafasi na atafute toleo jipya la programu yenyewe, asihangaike kuifufua maktaba kongwe.