Mvua ya Vuli na Hesabu ya Bahari

Akaaye Makadara, katika kisiwa cha Mombasa, hahitaji kuambiwa nguvu ya mvua. Milimita 100 zikianguka juu ya hekta moja ya mapaa na lami, huwa lita milioni moja za maji yasiyo na udongo wa kuyanywa. Njia ikiwa wazi, huteremkia baharini. Ikizibwa, huingia majumbani.

Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Manahodha wa pwani walikwenda mbele zaidi. Waliugawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, wakajua nyakati za kaskazi na kusi, za masika na vuli. Hesabu hiyo iliwaambia mvua itakuja lini. Haikuwaambia itakuwa kiasi gani.

Upungufu huo ulidhihirika mwaka 1961. Vuli ya mwaka ule ilipita kiasi: mto Tana ulifurika, na Ziwa Victoria likaanza kupanda hata likazidi mita moja katika miaka iliyofuata. Hapana aliyeweza kueleza sababu. Hata hivyo, watu waliendelea kupima mvua na kuandika, na merikebu zikapima joto la bahari. Mwaka 1999 wataalamu Saji, Yamagata na wenzao, waliofanya kazi Japani, walionyesha kutokana na vipimo hivyo kwamba Bahari ya Hindi ni kama pembea: miaka mingine upande wetu hupata joto, na upande wa Sumatra hupoa. Ndipo mvuke mwingi hupanda karibu na Afrika, na vuli huzidi. Ndivyo ilivyokuwa 1961, na tena 1997 na 2023.

Kwa kuwa joto la bahari hubadilika polepole, hatari ya vuli huweza kujulikana wiki nyingi kabla. Tangu 1998 wataalamu wa nchi zetu hukutana kabla ya majira ya mvua kutoa utabiri. Masika ni magumu zaidi kutabiri, nayo ndiyo yaletayo Mombasa mvua nyingi kabisa, mwezi wa Mei.

Basi, ewe mwanafunzi, usidharau kazi ndogo ya kupima mvua. Tarakimu iliyoandikwa na mtu asiyejua maana yake ndiyo ituonyayo leo. Lakini kumbuka pia kwamba utabiri hauzibui mfereji. Kazi hiyo ni ya mikono yetu.