Asili ya Mitandao ya Kumbukumbu: Tangu Hebb hata Hopfield

Asikiaye maneno "haba na haba" huyakamilisha mara moja kwa "hujaza kibaba", wala hahitaji kujua kwanza methali hiyo imewekwa wapi katika ubongo wake. Kompyuta ya kawaida haifanyi hivyo. Yenyewe hutaka kwanza namba ya mahali, mithili ya mtunza maktaba atakaye namba ya rafu, ndipo itoe kilichomo. Kumbukumbu ya namna ile ya kwanza, ambayo sehemu ya jambo hutosha kulileta jambo zima, yaitwa kumbukumbu ya kuhusisha. Mara nyingi husemwa kwamba mifano yake ya kihesabu ilianza mwaka wa 1982 kwa makala ya John Hopfield wa Marekani. Usemi huo wastahili kupimwa.

Chimbuko la wazo ni kitabu cha Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, kilichotolewa mwaka wa 1949. Hebb alisema kwamba nyuroni moja ikishiriki mara kwa mara katika kuiamsha nyingine, kiungo kilicho baina yao huzidi nguvu. Mwaka wa 1961 Karl Steinbuch, Mjerumani, aliipa kanuni ya namna hiyo umbo la mashine: nyaya za mlalo zikikatana na za wima, na penye kila makutano pana kiungo kiwezacho kujifunza. Mwaka wa 1969 Willshaw, Buneman na Longuet-Higgins, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, waliufanyia mpango wa jinsi hiyo hesabu kamili. Kiungo chao kilikuwa ama kimefungwa ama kimefunguliwa, na kikishafunguliwa hakikufungwa tena. Walionyesha kwamba mtandao huo hutumika vema kabisa nusu ya viungo ikiwa imefunguliwa, na kwamba waweza kukaribia asilimia 69 ya uwezo wa kumbukumbu ya kawaida yenye ukubwa ule ule, maadamu kila jambo latumia nyuroni chache tu.

Mwaka wa 1972 ulikuwa wa mavuno. Teuvo Kohonen wa Finland na James Anderson wa Marekani, kila mmoja peke yake, walivipa viungo nguvu za daraja mbalimbali, kila jambo jipya likijumlishwa juu ya yaliyotangulia. Hapo udhaifu ulidhihirika: mambo yafananayo huingiliana, kama ambavyo neno "mtaka" laweza kumpeleka msikilizaji kwenye "cha mvunguni" au kwenye "yote". Katika Japani, Kaoru Nakano alitoa mfano wake mwaka huo huo, naye Shun-ichi Amari alichunguza mtandao ambao matokeo yake humrudia wenyewe, akauliza ni lini utatulia.

Basi Hopfield alileta nini? Alisharutisha nguvu ya kiungo iwe sawa kwenda na kurudi, na nyuroni zibadilike moja moja. Kwa masharti hayo alithibitisha kwamba kuna kiasi, alichokiita nishati, ambacho hakipandi kamwe. Mtandao huteremka kama maji ya mvua hata ufike bondeni, na kila bonde ni kumbukumbu. Kwa njia hiyo wanafizikia walipata mlango wa kuingilia. Mwaka wa 1985 Amit, Gutfreund na Sompolinsky walipata mpaka wake: takriban mambo 138 yasiyofanana kwa nyuroni 1000. Ukipitwa mpaka huo, kumbukumbu zote huharibika pamoja. Tena yako mabonde yasiyochimbwa na mtu, ambamo mambo matatu huchanganyika yakawa moja lisilopata kufundishwa.

Mwaka wa 2016 Krotov na Hopfield waliifanya miteremko hiyo kuwa mikali zaidi, na uwezo ukaongezeka sana. Mwaka wa 2020 Ramsauer na wenzake walionyesha kwamba hatua moja ya mtandao wa jinsi hiyo ni sawa na kanuni ya uzingativu itumikayo katika mitambo ya lugha ya siku hizi. Kwa hiyo jambo hili lawahusu wanaisimu pia.

Hopfield alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka wa 2024 pamoja na Geoffrey Hinton, na heshima hiyo aliistahili. Walakini hakuivumbua kumbukumbu ya kuhusisha. Steinbuch aliijengea umbo, watu wa Edinburgh wakapima ujazo wake, Amari akauliza habari za utulivu wake; Hopfield aliupa utulivu huo sababu iliyo wazi. Mwanahistoria awachanganyaye wote katika jina moja atakuwa ameteremkia bonde lisilochimbwa na mtu.