Vitu vilivyotumika huokoa pesa nyumbani, ila ujue vilikotoka

JINA la mtaa wa Fedha, ulioko Embakasi upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, halina maana kwamba kila akaaye humo anazo. Kama ilivyo katika mitaa jirani ya Tassia na Donholm, kodi ya nyumba, nauli na karo ndizo hutangulia kulipwa. Kinachosalia ndicho hununua kitanda, meza, jiko na mavazi.

Ndiposa familia nyingi za Eastlands huanza maisha kwa vitu vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Hilo si jambo la kuonea haya. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, na kiti kilichonunuliwa kwa nusu ya bei hukaliwa sawa na kilichotoka dukani.

Hata hivyo, si kila cha bei nafuu ni akiba. Kitu kilichotumika kina maisha yake ya awali, na maisha hayo yaweza kuifaidi familia au kuidhuru. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, mnunuzi hana budi kuuliza swali jingine: kitu hiki kilikuwa wapi, na kilifanya kazi gani kabla ya kufika hapa?

Vinakopatikana

Soko kuu la mitumba ni Gikomba, karibu na Pumwani, ambako mkazi wa Fedha hufika kwa matatu zipitazo Jogoo Road. Walio na haraka huenda soko la Mutindwa, katikati ya Buruburu na Umoja. Vyombo vya bati na chuma hutengenezwa Kamukunji na Shauri Moyo na mafundi wa jua kali.

Mafundi hao wana historia ndefu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ndiyo iliyoufanya ulimwengu uitambue kazi ya mafundi na wachuuzi wadogo kuwa sekta halisi ya uchumi. Mwaka 1985, Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, akaagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga dhidi ya jua lililowapa jina lao.

Mavazi

Mitumba huja kwa marobota. Nguo bora zinazochaguliwa kwanza huitwa "kamera", na masalio yanayouzwa kwa bei ya chini kabisa huitwa "fagia". Anayefika alfajiri robota linapofunguliwa hulipa zaidi lakini hupata nguo imara. Anayefika jioni hupata bei, ila sharti achunguze mishono, zipu na kwapa.

Kila nguo ya mtumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa, ianikwe juani na kupigwa pasi. Joto ndilo huua kunguni na mayai yao, wala si harufu ya sabuni.

Mitumba nayo haina uhakika wa kudumu. Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua kufikia 2019. Kenya ilijiondoa katika mpango huo 2017 baada ya wafanyabiashara wa Marekani kulalamika. Rwanda haikulegeza msimamo, na mwaka 2018 ikanyimwa fursa ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Machi 2020 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya Covid-19, ikaufungua tena Agosti mwaka huo.

Funzo ni kwamba nguo uliyo nayo ni akiba kuliko ile unayotarajia kununua. Shati lililochakaa kola hugeuzwa kuwa vazi la mtoto, shuka kuukuu huwa foronya, na suruali ngumu huwa mfuko wa sokoni. Mfuko huo una maana zaidi tangu Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa.

Samani

Meza, kabati na vitanda vya mbao ndivyo vyenye faida kubwa zaidi, kwa kuwa mbao ngumu iliyokauka kwa miaka mingi haipindi tena. Igeuze meza juu chini. Ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga laini, wadudu wangali ndani, na watahamia mbao nyingine nyumbani mwako. Tikisa miguu: kiungo kilicholegea hurekebishwa kwa gundi na msumari, lakini mbao iliyooza haina dawa.

Wengi hutengeneza viti na rafu kwa mbao za paleti, yaani majukwaa ya kubebea mizigo yatokayo viwandani na bandarini. Paleti za biashara ya kimataifa hupigwa mhuri. Herufi HT zina maana kwamba mbao ilitibiwa kwa joto, nayo yafaa nyumbani. Herufi MB zina maana kwamba ilifukizwa kwa kemikali ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Paleti hiyo, pamoja na ile iliyolowa mafuta au rangi isiyojulikana, isiingizwe chumbani wala isitumiwe kama kuni.

Kochi na godoro vichunguzwe zaidi. Kunguni hujificha katika mishono na wanaweza kuishi miezi kadhaa bila chakula. Katika maghorofa ya Fedha, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, godoro moja lenye kunguni huwa tatizo la jengo zima. Fremu ya kitanda kuukuu ni sawa. Godoro ni heri linunuliwe jipya, hata kama ni jembamba.

Kwa upande wa friji, mwombe muuzaji aichomeke kwenye umeme na usubiri hadi ipoe. Kisha funga mlango juu ya kipande cha karatasi. Karatasi ikivutika bila kukwama, mpira wa mlango umechoka, na friji itakula umeme mchana na usiku. Bei yake nafuu italipwa kwa stima.

Jiko na makaa

Jiko la makaa lenye kiuno na kikombe cha udongo, lililoenea Kenya tangu miaka ya mwanzo ya 1980, ni mfano bora wa utumiaji upya. Wazo lake liliazimwa kutoka majiko ya Thailand, na mwili wake hufuliwa kwa mabati kuukuu na mapipa. Udongo hulizuia joto lisipotee, hivyo hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Udongo ukipasuka, badilisha kikombe pekee badala ya kutupa jiko zima.

Vumbi la makaa linalobaki kwenye gunia nalo ni mali. Hukandwa kwa udongo na maji, likafinyangwa kuwa madonge na kuanikwa. Watafiti wa kituo cha kilimo mseto cha ICRAF, chenye makao Nairobi, walipima madonge ya vumbi la makaa na udongo yaliyotengenezwa Kibera. Walipata kwamba kuipikia githeri familia ya watu watano kuligharimu Sh3 kwa madonge, Sh26 kwa makaa na Sh45 kwa mafuta taa, kwa bei za wakati huo.

Ila onyo ni moja. Makaa na madonge hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Yasichomwe katika chumba kilichofungwa, na jiko lisiachwe chumbani usiku ili kuleta joto.

Maji na mboga

Tangu mgao wa maji uanze Nairobi mwaka 2017, mtungi wa lita 20 umekuwa sehemu ya kila nyumba. Mitungi mingi ilikuwa ya mafuta ya kupikia, na hiyo husafishika kwa maji moto na sabuni. Mtungi uliobeba dawa ya wadudu, asidi au mafuta ya gari usitumiwe kwa maji ya kunywa au kupikia hata ukioshwa mara kumi, kwa maana plastiki hufyonza kemikali. Kama muuzaji hajui ulibeba nini, uache.

Maji yaliyosuuza nguo husafishia choo, na yaliyooshea mboga hunywesha bustani. Bustani yenyewe yaweza kuwa gunia kwenye roshani. Mbinu hiyo ilienezwa Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi kupandisha bei ya chakula.

Chukua mkebe uliotolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia na kuujaza kokoto, kisha uzungushe udongo na mbolea kandokando. Vuta mkebe juu, uujaze tena, na uendelee hadi gunia lijae. Nguzo ya kokoto hupeleka maji chini. Toboa matundu ubavuni upande sukuma wiki, na juu upande vitunguu au spinachi.

Udongo usitolewe karibu na jaa la taka wala ukingoni mwa barabara kuu. Utafiti uliofadhiliwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, na kutangazwa 2007 uliwapima watoto 328 karibu na jaa la Dandora. Takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na athari yake haiondoki.

Vya kuepukwa

Risasi hiyohiyo yaweza kuingia jikoni. Utafiti kuhusu sufuria za Kameruni uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba sufuria zilizosubiwa kwa alumini na vyuma vikuukuu vilivyochanganywa zaweza kuitoa kwenye chakula, hasa chenye uchachu. Sufuria nzito ya kusubu isiyojulikana asili yake isipikiwe nyanya wala isilaze chakula. Iliyotengenezwa kwa bamba jipya la alumini ni afadhali.

Mabati ya asbesto yatokayo katika nyumba za kale yasikatwe wala kuezekea kibanda. Nyuzi zake huingia mapafuni na kusababisha saratani miaka mingi baadaye.

Mtungi wa gesi nao ujazwe kwa wauzaji walioidhinishwa pekee. Mlipuko wa Februari 1, 2024 uliotokea Embakasi, katika eneo la Mradi, uliua watu na kujeruhi mamia ya wengine. Ulihusishwa na kituo cha kujaza gesi kilichoendeshwa bila idhini. Shilingi mia chache zilizookolewa uchochoroni hazilingani na hasara hiyo.

Sheria

Swali la kitu kilikotoka ni la kisheria pia. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa. Bei ya chini kupita kiasi yaweza kuwa sababu hiyo.

Mnamo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara nzima ya vyuma vikuukuu kutokana na uharibifu wa miundomsingi ya umeme, na marufuku hiyo ikaondolewa Mei mwaka huo. Kwa hivyo, unaponunua simu, runinga au baiskeli, dai risiti. Usipoipata, andikeni karatasi yenye majina, nambari za vitambulisho, tarehe na nambari ya chombo. Simu hutoa nambari yake ukibonyeza *#06#.

Muuzaji mwaminifu wa vitu vilivyotumika haudhiki kuulizwa bidhaa yake ilikotoka. Anayekasirika amekwisha kukujibu.