Daftari la Chama cha Kuzikana

Mwaka 1978 sisi walimu 24 wa Singida Mjini tulianzisha chama cha kuzikana. Wengi wetu tulikuwa wageni, mbali na koo zetu, na mtu akifa ugenini ni nani atakayemrudisha kwao? Ada ilikuwa shilingi 5 kwa mwezi. Mimi nilichaguliwa mweka hazina, nadhani kwa ajili ya mwandiko wangu.

Fedha tuliziweka benki, tukajiona matajiri. Kumbe miaka ile ya themanini bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka, na riba ilikuwa nyuma sana. Katikati ya mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilitoka shilingi 17 ikafika 40. Ada yetu ikabaki shilingi 5 ile ile. Kila nilipotaka ipandishwe, wenzangu walinijibu kwamba mshahara nao haujapanda.

Mwaka 1987 alifariki mwenzetu ambaye hakukosa kulipa hata mwezi mmoja. Fedha zote zilitosha sanda, jeneza na mafuta ya gari ya nusu ya safari. Mjane aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, miaka tisa mmeziweka wapi?" Nikamletea daftari. Hesabu ilikuwa sawasawa hadi senti ya mwisho, lakini hakulitazama.

Tulichangishana upya usiku ule, gari likaondoka alfajiri. Laiti tungalipima ada kwa debe la mtama tangu mwanzo! Akiba hatukuweka tena: msiba ukitokea, kila mmoja alitoa kwa bei ya siku ile.