Ufa Uko Wapi katika Bonde la Ufa?

Ukipanda matatu Eldoret kwenda Kabarnet, unapita Iten, barabara inakata kona, halafu ardhi inaisha. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Iten karibu 2,400, na Mto Kerio unapita kule chini, zaidi ya mita elfu moja chini ya miguu yako. Kabla ya Tambach abiria wameshavua sweta na masikio yameziba. Kila anayesimama pale ukingoni hunyoosha kidole bondeni na kusema: ule ndio ufa. Sivyo.

Kwetu ufa ni mwanya mwembamba. Chungu kina ufa, ukuta una ufa. Bonde lenye mto, mashamba ya maembe na barabara ya lami haliwezi kuwa ufa, na jina lenyewe halisemi hivyo: ni bonde *la* ufa, yaani lililozaliwa na ufa. Mwaustria Eduard Suess, aliyeandika kuhusu mabonde haya mwaka 1891 kwa kutegemea habari za wasafiri, alifuata desturi ya wanajiolojia wa Kijerumani ya kuyaita handaki. J. W. Gregory, Mwingereza aliyefika mwenyewe mwaka 1893, ndiye aliyeeneza jina tulilotafsiri sisi. Alitaka kulitenga bonde la namna hii na bonde la kawaida linalochimbwa na mto. Hili halikuchimbwa. Lilititia.

Kitenzi hicho, kutitia, ndicho kinachokosekana katika istilahi yetu. Muulize fundi wa mjengo. Akiona ufa ukutani haangalii upana wake tu. Anaweka pimamaji aone kama pande mbili bado ziko sawa. Upande mmoja ukiwa umeshuka, anajua msingi umetitia. Ufa wa mwanajiolojia ni huo wa fundi: mwamba umekatika na upande mmoja umeteleza. Hapa kwetu ni ufa wa Elgeyo. Upande wa Iten ulibaki juu, upande wa mashariki ukashuka, lakini haukushuka sawasawa. Ulilala kama meza iliyovunjika miguu ya upande mmoja: ubavu ulioshuka ndio Bonde la Kerio, na ubavu uliobaki juu ng'ambo ni Milima ya Tugen, ambayo nayo inakatika tena kuelekea Baringo.

Ushahidi tunaukanyaga kila siku. Jina Eldoret husemwa limetoka kwa Wamaasai, likimaanisha mto wa mawe, yaani Sosiani. Uwanda wote wa Uasin Gishu umefunikwa na fonolaiti, lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita; jiwe gumu ambalo kipande chake ukikigonga kwa nyundo hulia kama kengele. Lava hiyo imefika hadi mdomoni mwa genge la Iten, na ya namna hiyo hiyo ipo kwenye Milima ya Tugen. Lava hutiririka kama uji, haipandi genge. Ardhi ilikatika baada yake.

Neno likitumiwa ovyo hutia watu hofu. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti yakaandika "ufa", na dunia nzima ikaambiwa Afrika inapasuka mbele ya macho yetu. Wanajiolojia kadhaa wakaeleza kwamba maji yalikuwa yamezoa majivu laini ya volkano yaliyojaza mwanya wa zamani. Kiswahili kina neno la shimo la namna hiyo: korongo. Afrika inapasuka kweli, ila kwa milimita chache tu kwa mwaka.

Mwendo huo mdogo, ukiachiwa muda, hufanya makubwa. Sakafu ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, iko chini kuliko uso wa bahari. Bahari ya Shamu ilianza kama bonde la namna hii, likatanuka hadi maji ya bahari yakaingia.

Jina Bonde la Ufa libaki; limeshakaa vinywani, na hata mkoa uliitwa hivyo hadi kaunti zilipoingia mwaka 2013. Ila ninyi walimu mnaowaleta watoto Iten, msiwaonyeshe bonde mkasema ufa. Waonyesheni genge lililo chini ya miguu yao, muwaambie: upande ule ulititia.