Jinsi mtandao unavyotambua pakiti za data zilizofika mara mbili

MTANDAO wa tarakilishi unaotegemea njia moja hunyamaza njia hiyo inapokatika. Ndiyo sababu wahandisi hujenga njia za akiba. Hata hivyo, wingi wa njia huzaa tatizo jingine: pakiti moja ya data inaweza kumfikia mpokeaji mara mbili.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Embulbul, Kaunti ya Kajiado, anayemwandikia mwenzake wa Kitengela amtolee mteja magunia kumi ya mahindi. Kwa kuhofia barua kupotea, anatuma nakala mbili: moja ipitie Karen, Nairobi na Athi River, nyingine Ngong, Kiserian na Isinya. Zote zikifika, mteja anaweza kupewa magunia ishirini. Dawa yake ni nambari moja, iandikwe Embulbul kabla nakala hazijatengana. Mpokeaji ataitekeleza nakala itakayotangulia na kuitupa ya pili.

Ndivyo inavyofanya kazi TCP, itifaki iliyotokana na kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn ya mwaka 1974. Kila baiti hupewa nafasi yake katika mfuatano. Mtumaji asipopata uthibitisho kwa wakati, hutuma tena data ile ile kwa nambari ile ile. Aghalabu ya kwanza huwa imepotea, lakini wakati mwingine imechelewa tu, na zote mbili hufika. Mpokeaji hutupa ya ziada, kisha huthibitisha upya.

Ucheleweshaji wa aina hii unaweza kuongezeka njia kuu zinapokatika. Kenya hutegemea kebo za baharini zinazotua Mombasa, zikiwemo TEAMS na SEACOM zilizoanza mwaka 2009, na EASSy ya mwaka 2010. Mnamo Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy zilikatika, data ikasongamana katika njia zilizosalia, na kasi ya intaneti ikashuka Afrika Mashariki.

Ndani ya jengo moja hatari ni nyingine. Swichi zikiunganishwa kwa mzunguko, ujumbe unaoelekezwa kwa mashine zote huzunguka na kuzaana mpaka mtandao unalemewa, kwa kuwa fremu za Ethernet hazibebi kikomo cha hatua. Mwaka 1985, Radia Perlman wa Marekani alibuni utaratibu unaofunga njia ya akiba hadi ile kuu iharibike.

Lakini kuifungua njia hiyo huchukua muda, na mitambo ya kulinda vituo vya umeme haiwezi kusubiri. Kwa ajili yake kuna PRP, utaratibu ulio katika kiwango cha kimataifa cha IEC 62439-3. Mtumaji hupeleka nakala mbili kwa wakati mmoja katika mitandao miwili iliyotengana, zikiwa na nambari moja. Mtandao mmoja ukikatika, hakuna linalopotea.

Nambari za PRP ni 65,536 tu, kisha huanza upya. Kwa hivyo mpokeaji hana budi kusahau nambari za zamani kwa wakati ufaao. Akisahau mapema, nakala itapenya. Akichelewa kusahau, pakiti mpya itadhaniwa ni ya zamani na kutupwa.

Kinga hii ina mpaka wake. Mteja akibonyeza kitufe cha kulipa mara mbili, TCP huona jumbe mbili tofauti, zenye nambari tofauti, na huzifikisha zote. Fedha zinaweza kukatwa mara mbili ilhali mtandao haukukosea lolote. Ni juu ya mtengenezaji wa programu ya malipo kulipa kila ombi nambari yake kabla ya kulituma mara ya kwanza, na kuirudia nambari hiyo hiyo kila anapojaribu tena. Hapo ndipo seva itakapotambua kuwa ni ombi lile lile, si deni jipya.